Gumegume, Fataki na Bastola: Lugha ya Kununua Bunduki Kuukuu kutoka Ng'ambo hadi Ufuko wa Nyasa



Mada ya mhadhara huu inaweza kuonekana ngeni katika ukumbi wa taaluma za Kiswahili. Biashara ya silaha kwa kawaida huachiwa wanahistoria wa vita, na wale wanaokusanya bastola za kale huachiwa madalali wa ng'ambo na wateja wao wenye fedha za kuchezea. Hata hivyo, kila mnunuzi wa chombo cha kale huanza kwa kuuliza maswali matatu: hiki ni kitu gani, ni cha lini, na je, anayekiuza anasema kweli? Maswali hayo hujibiwa kwa maneno kabla ya kujibiwa kwa fedha. Ninakusudia kuonyesha kwamba katika karne ya 19 wanunuzi wa ukanda huu, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, walikuwa na maneno ya kujibia maswali hayo kwa usahihi mkubwa, na kwamba maneno hayo tumeyapoteza wakati ambapo tunayahitaji zaidi.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Majeshi ya Ulaya katika karne ile yalibadilisha silaha kwa kasi isiyokuwa na mfano kabla yake. Waingereza waliacha bunduki za jiwe kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1830, wakachukua Enfield mwaka 1853, wakaigeuza kuwa Snider mwaka 1866, kisha wakahamia Martini-Henry mwaka 1871. Wafaransa walichukua Chassepot mwaka 1866, Gras mwaka 1874, na Lebel mwaka 1886. Wajerumani nao walichukua Mauser mwaka 1871. Kila badiliko liliacha maelfu ya bunduki zisizotakiwa tena na wenyewe, nazo ziliuzwa kwa jumla kwa wafanyabiashara wa Birmingham, Liège na Hamburg. Pamoja na hizo za jeshi, miji ya Birmingham na Liège ilikuwa ikitengeneza bunduki za bei ya chini mahsusi kwa soko la Afrika, zenye mitutu ya chuma hafifu, ambazo hakuna askari wa Ulaya ambaye angekubali kuziweka begani.

Lango la bidhaa hiyo kwa upande wetu lilikuwa Unguja. Katika mkataba wa tarehe 21 Septemba 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani, Wamarekani walipewa uhuru wa kuuza na kununua katika bandari zake zote, isipokuwa kwamba bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali pekee. Katika bandari nyingine zote silaha hizo ziliruhusiwa kuuzwa kwa yeyote atakayetoa bei kubwa zaidi. Ninawaomba wanafunzi waisome fasili hiyo kwa makini. Mtawala alijilinda yeye mwenyewe nyumbani, akaacha mlango wa bara wazi. Kwa vitendo silaha nyingi zilifika Kilwa kwa majahazi kutoka Unguja, zikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi waliowakopesha viongozi wa misafara kwa utaratibu wa mali kauli, yaani bidhaa zinazochukuliwa kwa ahadi na kulipwa msafara urudipo. Kufikia mwaka 1888, Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Unguja, alikisia kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa mwaka kutoka pwani hii.

Msafara uliporudi ulilipa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Jambo hili lisemwe waziwazi, kwani kuna tabia katika maandishi yetu ya kuizungumzia njia ya Kilwa kana kwamba ilikuwa njia ya utamaduni tu, ya kanzu, mapishi na herufi za Kiarabu. Livingstone alipofika Mwembe kwa Mataka, chifu wa Wayao, mwezi Julai 1866, aliona nyumba za pembe nne za mtindo wa pwani, ni kweli. Lakini bunduki iliyokuwa ndani ya nyumba ya namna hiyo ililipiwa na mtu wa ukanda wa ziwa aliyefungwa kamba shingoni. Yohanna Abdallah, kasisi Myao aliyeandika historia ya watu wake kwa lugha yao, ikachapishwa mwaka 1919, anazitaja bidhaa za pwani, bunduki na baruti zikiwamo, na hafichi zilivyolipiwa.

Sasa tuingie katika lugha. Jina la jumla, bunduki, ni la Kiarabu. Asili yake ni bunduq, yaani njugu ya mviringo, kisha gololi ya kurusha, kisha chombo kinachoirusha. Baruti na risasi nazo zilipitia Kiarabu, na risasi hapo mwanzo ni jina la madini tu. Kinachonishangaza kila ninapolitazama orodha hili ni kutokuwapo kwa Wareno. Wareno waliishambulia Kilwa kwa mizinga mwaka 1505, wakakaa katika pwani hii kwa karibu karne mbili, wakatuachia meza, bendera, leso, padri, pera na parafujo. Bunduki yao hawakutuachia jina lake. Maelezo ninayoyaona kuwa ya maana ni kwamba jina la bidhaa huja na yule anayekuuzia, si na yule anayekupiga kwayo.

Bastola inathibitisha jambo hilo kwa njia ya kuvutia. Mtu asiye mwangalifu atasema ni neno la Kireno, pistola, na kufunga kitabu. Lakini Kiswahili hakina tatizo lolote na sauti /p/. Padri alibaki padri, pera likabaki pera, parafujo ikabaki parafujo. Kama pistola ingeingia moja kwa moja kutoka kwa Mreno, hakuna sababu ya kifonolojia ya kuigeuza iwe na /b/. Kiarabu ndicho kisichokuwa na /p/, na mgeuko huo ni alama ya kidole cha mzungumzaji wa Kiarabu. Bastola basi ilifika kwetu kupitia Bahari ya Arabu, ikiwa kiunoni mwa mtu mwenye cheo, pamoja na jambia na upanga. Haikuwa bidhaa ya msafara. Mwindaji wa tembo hakuwa na kazi nayo, na mlinzi wa boma la miti alihitaji mtutu mrefu. Ndiyo maana msamiati wa bastola katika Kiswahili cha zamani ni mkavu: jina moja, bila aina, bila viungo vyake. Lugha haikuwa na haja ya kuainisha kitu ambacho watu wengi hawakununua.

Kwa bunduki mambo yalikuwa kinyume kabisa. Ukisoma kwa pamoja kazi za Steere (1870), Krapf (1882), Madan (1903), Sacleux na Johnson (zote mbili kuanzia 1939), utaona mfumo kamili wa uainishaji. Ilikuwapo bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi unaofuka moto. Ilikuwapo bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Ilikuwapo ya fataki, kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kikigongwa. Jina hilo lina sura ya Kihindi na Kigujarati, ambamo neno la namna hiyo hutaja milipuko ya sherehe, nalo linatukumbusha ni nani aliyekuwa nyuma ya kaunta huko Kilwa. Mwishoni ikaja bunduki ya viasi, iliyotiwa risasi na baruti kwa nyuma zikiwa zimekwisha kupimwa pamoja katika kifuko kimoja, na hapo neno kiasi, kipimo, likawa jina la kitu kilichopimwa. Juu ya hizi palikuwa na majina ya jumla ya bunduki za kushindilia kwa mdomoni: gobori, au gobore, na korofindo.

Tazameni kigezo kilichotumika. Bunduki haikuainishwa kwa nchi ilikotoka wala kwa jina la aliyeitengeneza, bali kwa namna moto unavyoifikia baruti. Hicho ndicho kigezo kile kile anachokitumia leo mkusanyaji wa bastola za kale anapofungua orodha ya mnada London au New York: utambi, jiwe, fataki, au risasi ya nyuma. Kwake ni suala la thamani na umri. Kwa mnunuzi wa Nyasa lilikuwa suala la uhai, maana gumegume ikipata unyevu wa masika haitoi cheche, na fataki zikiisha hakuna mhunzi wa Umatengo anayeweza kuzitengeneza, ilhali jiwe huweza kuokotwa. Bunduki mpya zaidi haikuwa lazima bunduki bora zaidi kwa mtu aliye mbali na duka kwa safari ya majuma mengi.

Alama za ng'ambo nazo hazikumsaidia sana. Bunduki ya jeshi la Waingereza ilikuwa na neno TOWER na taji juu ya bamba la mtambo. Mitutu ya Liège iligongwa herufi ELG baada ya kupimwa. Lakini neno TOWER lilikwisha kugongwa pia juu ya bunduki za biashara ambazo hazikuwahi kuliona jeshi lolote, kwa kuwa wauzaji walijua kwamba wateja wa Afrika wanaliamini. Aliyenunua kwa alama alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliyenunua kwa kuufyatua mtambo na kusikiliza alikuwa salama kidogo.

Neno hili mtambo linatupeleka kwenye kiini cha hoja yangu. Majina ya nje ya bunduki ni ya kukopa, lakini majina ya ile sehemu inayofanya kazi ni yetu. Mtambo ni kijiti kilichopindwa cha mtego, kinachosubiri kuachiwa. Kufyatua ni kuuachia mtego huo. Kushindilia ni kujaza kwa nguvu, kama mtu anavyojaza gunia. Tako la bunduki, mtutu wake, mdomo wake, yote ni maneno ya nyumbani. Mzinga, kabla ya kuwa silaha ya manowari, ni gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, na mpaka leo katika milima ya Mbinga ukitamka neno hilo utafikiriwa kwanza kuhusu asali. (Mtambo nao umepanda cheo: ulianza kwa kunasa kanga, leo unarusha mawimbi ya simu.) Mtu aliyetega mitego tangu utotoni hakuiona bunduki kama muujiza. Aliiona kama mtego wa chuma, akaielewa kwa elimu aliyokuwa nayo. Wasafiri wa Kizungu walioandika kwamba Waafrika waliinunua bunduki kwa ajili ya kelele zake hawakuwa wamesikiliza majina ya viungo vyake.

Ziwani kwenyewe pana ushahidi mwingine. Lugha za huko hazikukopa bunduki. Kinyanja kinasema mfuti, Kiyao kinasema uti, na mbali zaidi magharibi Kibemba kinasema imfuti. Ni mzizi mmoja uliotembea kutoka jirani hadi jirani, si pamoja na Kiswahili cha misafara. Kwa hiyo ufuko wa mashariki wa Nyasa ni mahali ambapo majina mawili ya kitu kimoja yalikutana: moja la watu wa ziwa, jingine la watu wa Kilwa. Wangoni, waliovuka Zambezi mwaka 1835 na hatimaye kutawala nyanda za Songea, waliendelea kuthamini mkuki na ngao kuliko silaha ya kushindilia, ambayo kwa mpiganaji anayekimbia ni mzigo. Lakini wao pia walifanya biashara na watu wa pwani kama Rashid bin Masoud, aliyekaa Kikole katika nchi yao.

Mwaka 1890 jambo la ajabu lilitokea katika sheria za kimataifa. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai mwaka huo ulipiga marufuku kuingiza silaha katika ukanda mkubwa wa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, kwa lengo lililotangazwa la kukomesha biashara ya watumwa. Ukaacha nafasi moja: bunduki za jiwe zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea kuuzwa kwa kibali. Kwa lugha yetu, mkataba ulichora mstari katikati ya gumegume na fataki. Kilichokuwa chini ya mstari kiliruhusiwa kwa Mwafrika; kilichokuwa juu yake kilibaki kwa serikali na askari wake. Lengo la kukomesha utumwa lilikuwa la haki, nami silidharau. Lakini matokeo yake mengine yalikuwa kwamba watu waliokuwa wakinunua kila aina kwa kuichagua wenyewe walirudishwa, kwa saini za mataifa, kwenye aina ambayo Ulaya ilikuwa imeiacha miaka 50 nyuma.

Miaka 15 baadaye, Vita vya Majimaji vilipofika Songea, mstari huo ulikuwa ukisomeka katika uwanja wa vita. Upande mmoja magobore, mikuki na mishale. Upande wa pili bunduki za Mauser na bombom. Maji yaliahidi kwamba risasi zitageuka maji. Ahadi hiyo mara nyingi hujadiliwa kama suala la imani peke yake, nami ningependa wanafunzi wa historia waijadili pia kama jibu la watu waliokwisha kuzuiwa kununua kinga nyingine. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi 67 walinyongwa Songea. Nduna Songea Mbano alinyongwa baada yao.

Baada ya hapo msamiati ulianza kuporomoka, na jinsi ulivyoporomoka inafurahisha na kuhuzunisha kwa pamoja. Mrao na korofindo yamebaki kamusini. Gumegume limekuwa jina la mwanamume asiyefaa kitu. Wanafunzi wangu hucheka ninapowaambia lilikuwa jina la bunduki. Mimi naona njia ya maana hiyo ni nyepesi kuifuata: bunduki inayopiga kishindo cha mtambo bila kutoa risasi, na ambayo baada ya 1890 ndiyo iliyobaki halali kwa wasio na uwezo, ilistahili kuwa tusi. Fataki nalo liligeuka mwanamume, wa namna nyingine. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, matangazo ya redio nchini yalimtumia Fataki kama jina la mzee anayewinda wasichana wa shule, na jina likaenea mitaani kwa miezi michache tu. Waliobuni jina hilo walifikiria zaidi fashifashi za sherehe kuliko kifuniko cha shaba cha bunduki.

Lililobaki na uhai ni gobore, nalo limebeba kila kitu. Leo gobore ni bunduki ya jeshi la Waingereza ya mwaka 1810, ni bunduki ya biashara ya Liège ya mwaka 1870, na ni bomba la maji lililounganishwa na mhunzi wa kijijini kwa ajili ya kuwinda ngedere wanaoharibu mahindi. Vitu vitatu, jina moja.

Je, jambo hili lina uzito gani nje ya kamusi? Lina uzito wa kisheria. Tanzania ina sheria mbili zinazoweza kukutana juu ya bunduki moja. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaitazama kama silaha: iwe na kibali, au isalimishwe, na zilizosalimishwa zinaweza kuteketezwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakitambua kuwa ni kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Marekani kwa upande wake, kwa sheria ya mwaka 1968, huitazama bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa kitu cha kale, na mara nyingi huuzwa huko bila masharti ya silaha za kisasa. Kwa hiyo bunduki ya jiwe iliyotoka darini kwa babu mmoja huko Lituhi inaweza kuwa na mwisho wa aina tatu: kuyeyushwa kama chuma cha wahalifu, kuwekwa katika Makumbusho ya Majimaji Songea, au kupita mpakani gizani na kuonekana baadaye ukutani kwa mkusanyaji wa ng'ambo, ikiwa na maelezo marefu kwa lugha isiyo yetu. Safari ya biashara imegeuka upande. Waliotuuzia kuukuu kwa pembe na kwa watu sasa wanalipia ukuukuu wenyewe.

Kinachoamua kati ya njia hizo ni mwaka 1863, na mwaka huo haukuandikwa juu ya chuma. Unasomwa katika mtambo, katika mtutu na katika alama. Hata mtambo unaweza kudanganya, kwa sababu bunduki nyingi za gumegume ziligeuzwa kuwa za fataki kwa kubadilishwa bamba moja na kutobolewa upya tundu la moto, hivyo mtutu wa mwaka 1800 unaweza kuvaa mtambo wa 1850. Msomaji anahitaji kuona matundu ya parafujo yaliyozibwa, na anahitaji maneno ya kuyaandika aliyoyaona.

Pendekezo langu kwa idara za isimu na historia ni dogo na halihitaji fedha nyingi. Fomu ya kupokelea silaha za zamani, kituoni na kwenye makumbusho, iwe na nafasi nne za Kiswahili chini ya neno gobore: ni ya mrao, ya gumegume, ya fataki, au ya kutengenezwa kijijini? Ifuate nafasi ya alama zilizogongwa, na nafasi ya matundu yaliyozibwa. Wanafunzi wetu wa uzamili wanaokwenda Mbinga na Nyasa kurekodi Kimatengo, Kimanda na Kinyasa wabebe orodha hiyo hiyo, waulize majina ya viungo vya mtego na ya viungo vya bunduki katika kikao kimoja, maana wazee wanaojua vyote viwili ni wachache. Kwa sasa mtu akiikabidhi bunduki yake kwa hiari Mbamba Bay, daftari huandika idadi na neno moja, na bunduki hupakiwa pamoja na mabomba ya maji.